Wadi Asiyowahi Kuipigia Kura

Athanas hajawahi kumpigia kura mwakilishi wa wadi hata mmoja tangu azaliwe, lakini ukikaa naye dakika tano atakwambia kwamba amepigana chaguzi kuu tatu. Hasemi uongo, ila chumvi anatia.

Alitoka Taita mwaka 2012 akaja Doha kuendesha gari la familia moja ya mtaa wa Al Wukair, na wakati huo Wadi ya Kighalima ilikuwa haipo. Milima ilikuwepo, watu walikuwepo, mama yake alikuwepo pamoja na mbuzi wake, lakini wadi yenyewe ilianza na uchaguzi wa 2013, Athanas akiwa tayari Qatar anahangaika kuegesha Land Cruiser mbele ya saluni ya Madam, mama wa familia ile. Kwa hiyo kiti cha kwanza cha Kighalima kiligombewa yeye hayupo, cha pili hayupo, cha tatu hayupo. Mwaka 2022 Wakenya wa Qatar waliruhusiwa kupiga kura, naye akaenda kujipanga foleni alfajiri na shati lililopigwa pasi. Akapewa karatasi moja, ya rais. Akaigeuza aone kama kuna kitu nyuma. Akamuuliza karani kwa adabu kama ile ya MCA, mwakilishi wa wadi, inaletwa baadaye. Karani akamweleza kwamba walio ng'ambo humchagua rais peke yake. Athanas akapiga kura yake ya rais kwa unyonge, kama mtu aliyealikwa karamuni akapewa soda tu.

Sasa, udereva wa nyumbani ni kazi ya kusubiri. Unawasubiri watoto shuleni, unamsubiri Madam dukani, unamsubiri Madam kwa dada yake, na dada yake naye akitaka kurudishwa unamsubiri avae. Madereva wengine wakisubiri husinzia. Athanas akisubiri hufanya siasa. Ana kundi la WhatsApp linaloitwa Kighalima Bila Mipaka, na humo ndani hakuna aliyemzidi kwa kurekodi sauti ndefu. Anajua nani amehama chama, nani amehamishwa, mzee gani wa Juu ameonekana akinywa chai na vijana wa Chini. Maana wadi ile imegawanyika pande mbili: Juu ni walima mboga kule kwenye ukungu, na Chini ni wafugaji na vibarua wa mkonge kule kwenye vumbi, na kila upande unaamini mwingine umeibiwa akili.

Isitoshe, Athanas ni mwenyekiti wa Umoja wa Wana-Kighalima Doha. Umoja hukutana Ijumaa huko Najma, kwenye mkahawa wa Mhindi mmoja anayeuza karak, ile chai nzito ya maziwa, na chapati za mayai, na una wanachama kumi na kidogo: walinzi, wasafishaji wa hoteli, wafanyakazi wa majumbani. Katibu ni Zainabu, mpishi wa nyumba moja ya Al Wukair, mama wa maneno machache na macho makali. Tena yupo Khalfan, dereva wa hoteli, ambaye ni Mzanzibari na hana uhusiano wowote na Kighalima, ila anaipenda karak na hakosi kikao. Khalfan ameshaijua siasa ya Kighalima kuliko Wakighalima wengine.

Kila uchaguzi Umoja hutoa tamko. Tamko la Doha ni video. Wanachama husimama safu mbili mbele ya pazia la mkahawa, wamevaa nguo zao nzuri, na Athanas katikati anasoma kwa sauti ya chini aliyoifanyia mazoezi garini, akisema kwamba wana-Kighalima wa ng'ambo, baada ya kutafakari kwa kina, wanamuunga mkono fulani. Video inatumwa nyumbani. Kisha fulani anashindwa.

Mwaka 2013 walimuunga mkono Mwalimu Japheth, akawa wa nne kati ya watano, na yule wa tano alikuwa amekwisha jiondoa. Athanas akasema mvua ndiyo iliyoharibu. Mwaka 2017 wakamuunga mkono Paul wa duka la dawa, ambaye mpaka juma la mwisho alikuwa anaongoza kila mahali palipokuwa na ubao wa kukalia na watu wa kubishana. Video ikafika Jumamosi, na Jumanne Paul akaangukia pua. Athanas akasema mawakala walilala. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Cheryl, muuguzi wa zahanati, msichana aliyependwa na Juu na Chini. Safari hiyo wapinzani wake walikodi spika, wakaifunga juu ya pikapu, wakaizungusha video ya Doha soko zima siku ya mnada, tena bure, bila kuongeza neno. Athanas alipohadithiwa akafurahi mno. Alimwambia kila mtu pale Najma kwamba tamko limekuwa zito hivi kwamba hata wapinzani wanalitangaza. Cheryl akabwagwa mbali.

Mtu mwingine yeyote angeshaelewa. Khalfan alielewa siku nyingi, akanyamaza, maana aliona kumwambia Athanas ni kumharibia Ijumaa zake.

Yule aliyemshinda Cheryl hakumaliza muda wake. Alikwenda Kanada na ujumbe wa kujifunza mambo ya takataka, wenzake wakarudi na picha, yeye akabaki na takataka. Vikao vya bunge la kaunti vikampita kimoja baada ya kingine, mwishowe kiti kikatangazwa kuwa wazi na uchaguzi mdogo ukaitwa mwaka jana. Na aliyejitokeza kwanza kuchukua fomu, kabla hata wazee hawajamaliza kushauriana, alikuwa Phoebe, dada yake Athanas.

Niseme kitu juu ya Phoebe. Ndiye aliyemfundisha Athanas kuendesha. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge wakati wanaume wa Chini wakisema mwanamke akikalia trekta mvua hainyeshi, na jioni alimpakata mdogo wake kwenye usukani akimwonyesha gia. Leseni inayomlisha Athanas Doha ilianzia kwenye paja la dada yake, naye hajapata kulisahau hilo hata siku moja. Baadaye Phoebe aliongoza akina mama kuvuta bomba la maji kutoka kilimani hadi Chini, ndiyo sababu pande zote mbili zilikuwa na jambo jema la kusema juu yake, kitu ambacho ni nadra Kighalima. Athanas anampenda yule dada kuliko anavyojua kusema, na kusema anajua.

Kwa hiyo akaanza kupanga tamko la kufunga matamko yote. Alitaka pazia jipya. Alitaka wanaume wavae kanzu ama suti, hapana tisheti. Alikuwa kwenye foleni ya magari mbele ya shule, akiandika aya ya tatu, simu ya Phoebe ilipoingia.

Phoebe hakupoteza muda kwa salamu. Alimuuliza kama yuko peke yake, akajibiwa ndiyo, yuko na kiyoyozi tu.

"Athanas, mdogo wangu, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usiniunge mkono."

Athanas alidhani mtandao umekatika. Phoebe akarudia, kisha akamwambia yale ambayo wadi nzima ilikuwa inayajua isipokuwa mwenyekiti wake wa Doha. Kwamba watu wa nyumbani wakiiona ile video hawaoni ndugu zao. Wanaona watu walionona, waliovaa vizuri, wanaokaa kwenye baridi ya mashine na kuwachagulia waliobaki kwenye jua nani awaongoze. Kwamba vijana huwa wanasema tumwangalie wa Doha ni nani ili tujue wa kumwacha. Kwamba Cheryl alilia siku ile video ilipoingia, na hakulia kwa furaha. Athanas alisikiliza yote akiwa ameshika usukani wa gari lililosimama. Akawakumbuka walinzi wake wanaosimama kwa saa kumi na mbili juani, wakaazima mashati kwa ajili ya video, na akaumia moyo kweli.

Akasema basi, atanyamaza. Phoebe akasema hapana, kunyamaza hakutoshi, watu watajua tu yuko upande gani.

"Nataka umuunge mkono Harun," akasema.

Harun ni mwenye duka la mabati na saruji huko Chini, mtu mpole, mwenye kura nyingi, na ndiye pekee aliyekuwa anamnyima Phoebe usingizi. Phoebe hakuwa na ugomvi naye. Alitaka tu naye aonje tamko la Doha. Akaweka sharti moja, kwamba siri hiyo ibaki ya wawili. Umoja wasijue, maana kwenye video wataonekana wanaigiza. Mama asijue kabisa, maana Mama akiambiwa neno asubuhi, mchana kwaya nzima imeshaliimba. Athanas akakubali. Dada yake alikuwa hajawahi kumwomba chochote, na sasa alikuwa anamwomba kitu ambacho yeye, kwa historia, alikuwa na uwezo mkubwa nacho.

Ijumaa iliyofuata pale Najma kazi ikawa kuwaeleza wanachama. Athanas alisema amemtafakari mgombea kwa kina na amemwona Harun. Wanachama wakatazamana. Zainabu aliweka glasi yake ya karak mezani.

"Mwenyekiti, dada yako tumbo moja anagombea," akasema. "Uko sawa?"

Athanas akasema uongozi hauangalii tumbo. Aliulizwa Phoebe ana kasoro gani, akasema hana la kusema. Aliulizwa Harun ana nini cha pekee, akasema yale aliyokuwa amemwandikia Phoebe, akibadilisha jina tu, mpaka alipofika kwenye bomba la maji ikambidi akohoe. Khalfan alikuwa anamkazia macho muda wote, kama mtu aliyeona rafiki yake anavaa viatu vya mguu mmoja. Mwishowe wakakubali, maana mwenyekiti ni mwenyekiti, na pazia lilikuwa limeshatundikwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu Athanas ana moyo mwepesi. Alikuwa amepanga kusoma tamko kwa sauti ileile ya kujivuna inayowaudhi watu wa nyumbani. Lakini alipofika mahali pa kusema kwamba Phoebe ni dada yangu wa damu na bado mimi namchagua Harun, akaupoteza mstari aliokuwa anausoma. Aliliona lile trekta. Machozi yakamtoka, ya kweli, yakateremka mpaka kwenye kola. Akamaliza kwa shida. Hakuna aliyejivuna hata kidogo. Zainabu, aliyeshika simu ya kurekodi, naye akafuta macho kwa ncha ya mtandio bila kujua analia nini.

Video ikaenda nyumbani. Athanas akangoja matusi. Kwa kawaida yangeanza kumiminika kabla hajafika kwenye gari. Safari hii kundi la Kighalima Bila Mipaka likawa kimya mpaka magharibi, kisha mzee mmoja wa Juu, mtu ambaye miaka yote alikuwa akimwita Athanas kasuku wa Waarabu, akaandika kwamba leo amesikia mtu mzima akisema. Mwingine akafuata. Wakaja wa Chini. Wote walikuwa wanasema jambo moja kwa maneno tofauti. Siku zote tulidhani watu wa Doha wanapigania wao. Lakini mtu anayemwacha dada yake wa tumbo moja, huku analia, huyo hana faida yoyote anayoitafuta. Huyo ameona kitu.

Athanas alisoma ujumbe huo akiwa amekaa kwenye chumba chake kando ya geti. Miaka yote hiyo alikuwa akiomba nyumbani wamwamini japo mara moja, na sasa walikuwa wanamwamini.

Alimpigia Phoebe. Alitaka kutoa tamko la pili, la kufuta la kwanza. Phoebe alikuwa amechoka, sauti imemkauka kwa mikutano, akamwambia akifanya hivyo watasema amelazimishwa na dada yake. Akamwomba asiseme chochote tena, si kwa maandishi, si kwa sauti, si kwa picha ya maua. "Kila ukifungua mdomo," akasema, "napoteza kijiji kizima." Hakusema kwa hasira. Athanas alitamani angekasirika.

Siku ya kura aliwapeleka watoto shuleni akapitiliza geti. Mtoto mkubwa akamgonga bega akimwambia Athanas, yalla, ni hapa. Usiku ule hakuifungua simu, akaiweka chini ya mto na kujilazimisha kulala. Matokeo aliyaona mchana uliofuata akiwa tena kwenye foleni ya shule. Zainabu alikuwa ametuma picha ya fomu ya matokeo, bila neno. Harun amechukua kiti. Phoebe amekosa kwa kura tisa.

Tisa. Katika wadi ambayo Cheryl alishindwa kwa mamia na Mwalimu Japheth kwa aibu, dada yake alikuwa ameshindwa na watu wanaoweza kukaa kwenye pikapu moja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kighalima mgombea wa Doha alikuwa ameshinda, na mwenyekiti wa Umoja alikuwa ameinamia usukani analia kama mtoto, magari yakimpigia honi nyuma.

Alikuwa hajatoka kwenye hali hiyo Mama alipopiga. Mama hupiga kwa video na kushika simu sikioni, kwa hiyo Athanas alikuwa akiona pete ya sikio na kipande cha ukuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Tumeshinda."

Akamweleza kwa furaha jinsi walivyofanya. Video ilipofika aliicheza mara nyingi, akaita ukoo mzima, akawaambia Athanas hawezi kumkana dada yake bure. Siku ya kura akawaamsha yeye mwenyewe. Akawataja: mashangazi wawili, mjomba na wake zake, mpwa aliyerudi kutoka Mombasa, mke wa marehemu kaka yake, mapacha waliotimiza miaka kumi na minane, na yule jirani asiyeona vizuri. Athanas alianza kuwahesabu kwa vidole juu ya usukani kisha akaacha, kwa sababu hata nusu yao wangetosha.

Kisha sauti ya Mama ikashuka. Akasema haikuwa rahisi. Pale kwenye kibanda alifungua karatasi akaikuta picha ya Phoebe, amevaa kilemba ambacho yeye mwenyewe alimwazima, naye akamwomba msamaha kimyakimya, akaweka alama kwa Harun. Tangu jana hajaweza kumwangalia usoni. Phoebe yuko jikoni anaosha vikombe vya wageni waliokuja kumpa pole.

"Sasa niambie mimi mama yako," akasema. "Amefanya nini? Ulijua nini juu yake?"

Alikuwa ameapa kuitunza ile siri. Lakini Athanas aliona wazi kwamba akinyamaza sasa, mama yake atakaa na binti yake nyumba moja miaka yote akimtafuta ubaya usiokuwepo, na hicho ndicho kitu ambacho hakuweza kukibeba. Kiti kimeshapotea. Akasema hajui lolote baya juu ya Phoebe. Akasema Phoebe ndiye mtu bora kuliko wote waliowahi kusimama Kighalima, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemtuma amuunge mkono Harun, kwa sababu kila mtu anayeungwa mkono na Doha hushindwa. Watu wa nyumbani wakimsikia Athanas, akaeleza, huwa wanafanya kinyume. Imekuwa hivyo miaka yote.

Sikio likaondoka kwenye simu, na kwa mara ya kwanza uso wa Mama ukaonekana mzima, mkubwa, ukimtazama kwa karibu sana. Mbele ya Athanas geti la shule lilifunguliwa na watoto wakaanza kutoka.

"Wote hufanya kinyume?" akauliza.

"Wote, Mama."

"Mimi nilikuwa nampigia uliyemsema," akasema Mama. "Kila uchaguzi. Nilidhani tuko wengi."